Asrir Kabla ya Siku Yake

Mimi sikusoma. Hilo nimeambiwa mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina langu, na kila aliyeniambia alikuwa amekalia kiti cha serikali. Kwa hiyo habari ya Asrir nitaieleza kama nilivyoiona. Anayetaka kuisoma kwenye ripoti yao aende ofisini mjini akaombe, ila awahi, maana saa sita na nusu mlango wao umeshafungwa.

Kwa miaka kumi na tisa nimewapitisha waendesha baiskeli kwenye milima yetu hii ya kusini, huku juu penye mawe na vichaka vya shihi na upepo, ambako mvua ikishaondoka inasahau njia ya kurudi. Mwanzoni hakuna aliyeuliza kadi. Mzungu alifika kijijini kwetu Tamalut na baiskeli yake ya magurudumu manene, akauliza nani anaijua njia ya kwenda upande wa pili, watu wakasema, Basu mwenye nyumbu wa mizigo. Nikamtangulia. Mwaka uliofuata akaleta wenzake sita.

Kisha wakubwa wakatunga sheria. Hakuna kuongoza watalii bila kadi, na hakuna kadi bila cheti cha chuo, na chuoni huingii bila kumaliza sekondari. Mlima niliujua mimi, kadi wakapewa watoto wa mjini. Nikawa mtu wa nyumbu. Kijana mwenye kadi shingoni anatangulia na baiskeli, mimi nafuata na mizigo, na akifika njia panda anainama kufunga kamba za viatu mpaka nimfikie nimwonyeshe kwa kidevu. Nimeona kamba za viatu zikifungwa kwenye kila njia panda ya milima hii.

Mwezi wa pili, mwaka huu, alikuja Bi Ghizlan wa ofisi ya utalii. Alifuatana na Nawfal, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye kadi, ambaye nilishatembea naye safari mbili. Bi Ghizlan akaeleza kwamba umetoka utaratibu kwa ajili ya wazee kama mimi. Nipange safari moja mwanzo hadi mwisho, njia, maji, kambi, siku. Yeye mwenyewe atapanda baiskeli aione. Ikienda vizuri, nitapewa kadi bila mtihani wa kuandika. Ulikuwa mlango mmoja na safari moja, kwa sababu utaratibu wenyewe ulikuwa unafungwa mwaka huo huo.

Sikumwambia kadi hiyo ilikuwa na maana gani kwangu. Binti yangu Yamna, anayekaa mjini Agadir, alikuwa ameshaniwekea godoro kwenye chumba cha watoto wake, ghorofa ya tano. Magoti yangu hayawezi tena kufuata nyumbu kila wiki, na mizigo mingi sasa inazungushwa na pikapu. Nikiwa na kadi ningechagua safari chache, nikapanda nyumbu mmoja, nikabaki Tamalut mpaka siku zangu ziishe. Bila kadi, majira ya baridi yasingenikuta kwangu. Na Yamna ni mtoto mwema, lakini ghorofani kwake hata upepo unaingia kwa ruhusa.

Tukakaa kwenye mkeka. Chai niliipika mwenyewe, na ilijulikana kwamba niliipika mwenyewe; Nawfal alikunywa glasi moja akaifunika kwa kiganja. Akafungua ramani kwenye simu. Mimi nikachukua konzi ya lozi, nikaanza kuzipanga chini, lozi moja kila penye jambo.

Siku ya kwanza, nikawaambia, tunatoka Tamalut alfajiri kwa sababu kuanzia saa sita upepo wa mashariki unashuka mlimani na mtu anakanyaga pedali mahali pamoja. Tunapanda hadi mgongo wa mlima, halafu tunateremka kwenye mawe mapana yanayolia kama sahani. Hapo mtu ateremshe kiti, arudishe makalio nyuma, na breki ya mbele aiguse kwa kidole kimoja tu. Tunalala kwenye birika la mwamba linalokusanya mvua, lenye maji. Siku ya pili ni Asrir, uwanda wa juu, kilomita thelathini na tatu bila kivuli. Vichaka vyake vina mwiba usiosamehe tairi. Wenye tyubu watatia viraka hadi walie, kwa hiyo kila tairi itiwe maji ya gundi. Siku ya tatu korongo jekundu. Siku ya nne lami.

"Na maji ya Asrir?" akauliza Nawfal.

Nikamwambia Asrir haina birika wala kisima. Lita saba kwa mtu kwa siku, wageni wanane na sisi watatu, watu kumi na mmoja, na mahema, na chakula. Gari halifiki. Ni nyumbu sita, hakuna njia nyingine.

Bi Ghizlan hakuwa mjinga. Alijua kwamba Asrir ni malisho ya mwiko. Kuanzia mwisho wa majira ya baridi mnyama yeyote haruhusiwi kukanyaga pale, awe wa kabila letu au la jirani, mpaka majani yakomae na siku ya kufungua ifike. Kila mwaka baraza linamchagua mtu mmoja wa kusimamia, tunamwita mkubwa wa majani, na neno lake halina rufaa. Akaniuliza inafunguliwa lini.

"Ishirini ya mwezi wa tano," nikasema. "Kila mwaka. Wazee hawaibadilishi."

Akaandika. Akahesabu kwa kalamu, akasema basi tuondoke tarehe kumi na tisa ili ishirini tuingie Asrir siku ile ile inapofunguliwa, wageni waone makundi ya kondoo yakiingia. Nikafurahi. Sikuwa nimefurahi tangu Tuda afe.

Tuda alikuwa mke wangu. Na hapa lazima niseme namna alivyokufa, kwa sababu wakubwa hawakuiandika popote. Ilikuwa theluji, miaka miwili kabla. Tumbo lilimshika Jumatatu. Zahanati yetu ina mlango wa kijani na kufuli, basi nikapanda juu ya kilima penye mtandao nikapiga simu. Wakaniambia gari la wagonjwa linakuja, nisimtoe mgonjwa nyumbani. Nikangoja. Jumanne nikapiga tena, wakasema gari liko njiani. Ile njia wameahidi kuitengeneza tangu sijaota ndevu. Jumatano asubuhi alikuwa ameshakwenda.

Safari ikafika. Waaustria wanane, wengi watu wazima wenye mvi, wakavu, wenye miguu kama kamba za kufungia mizigo. Bi Ghizlan na baiskeli yake ya kuazima. Nawfal na kadi yake. Mimi na nyumbu sita. Siku ya kwanza ilikwenda kama nilivyoipanga, hata upepo ulitii. Kwenye yale mawe ya sahani mama mmoja wa Kiaustria alianguka, akainuka anacheka, akaonyesha kiwiko kilichochubuka kama aliyepata medali. Jioni, penye birika, Bi Ghizlan akaniambia kwamba kama ni yeye peke yake, kadi ningeshapewa. Nawfal akanicheka, akasema, "Ami Basu, ukipata kadi nami nitakuja nyuma na nyumbu. Lakini njia panda usinikimbie."

Dalili zilikuwepo. Sitasema hazikuwepo. Upande wa kaskazini wa mgongo wa mlima palikuwa bado na theluji, viraka viwili. Shihi haikuwa imechipua. Na njia nzima hatukukuta kundi hata moja likielekea juu, wala kinyesi kibichi cha kondoo. Nikajiambia ni ukame, watu wameuza mifugo, nani wa kupanda siku hizi. Nilijiambia pia kwamba ofisi imeandika ishirini, na ishirini imefika, wanaiona kwenye simu zao.

Asubuhi ya pili tukafika mpakani. Ni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, hakuna uzio. Nyuma ya mstari majani yalikuwa mafupi, membamba, ya kijani kile cha kuogopa kuguswa. Na mbele ya mstari walikuwa wamekaa watu wanne na birika la chai. Mmoja alikuwa Mimun, kaka yake Tuda. Ndiye mkubwa wa majani wa mwaka huu. Sikujua. Mimi na Mimun hatukuwa tumesemeshana tangu mazishi, na mimi barazani siendi tena.

Akatusalimia wote vizuri, akawapa wageni mkono mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, umepotea njia au umezeeka?"

"Vyote," nikamjibu. "Nimekuja siku ya kufungua. Leo ishirini."

"Ishirini ya nani?"

Sikumwelewa. Akawatazama wenzake, wakatazama chini.

"Hiyo ishirini ni ya serikali, Basu," akasema. "Yetu leo ni saba."

Sisi wakulima na wafugaji wa huku tuna hesabu yetu ya zamani. Miezi ni ile ile kwa jina, lakini yetu inachelewa nyuma ya ile ya serikali kwa siku kumi na tatu. Kwa hesabu hiyo ndipo tunalima, tunapandishia dume, tunafungua malisho. Ishirini yetu ya mwezi wa tano kwa serikali ni tarehe mbili ya mwezi wa sita. Kila mtoto wa Tamalut analijua hilo. Nami nalijua. Lakini nyumbani kwangu anayehesabu alikuwa Tuda. Mimi nilikuwa nataja tarehe ya kilimo, yeye anawajibu watu wa mjini kwa simu kwa tarehe yao, na mimi nafunga mizigo siku aliyonitajia. Alipokufa nikabaki na siku za soko tu, Alhamisi hadi Alhamisi. Bi Ghizlan aliponiuliza Asrir inafunguliwa lini, ulimi ukatoa ile tarehe niliyoisikia kwa baba yangu. Na ofisi nzima, yenye watu waliosoma hadi macho yakavaa miwani, haikuuliza.

Nawfal akajaribu. Akasema kwa heshima kwamba baiskeli hazili majani.

"Ndiyo maana sijazizuia," Mimun akamjibu. "Pita, mwanangu. Hata ukitaka kuilaza yako humu mwezi mzima ijilishe, ruhusa. Nikiiona imenona nitainunua."

Wenzake wakacheka, hata mimi nusura nicheke. Nikamwambia nitawafunga nyumbu magunia mdomoni, wasionje hata jani moja.

"Na kwato je? Utazivalisha soksi?"

Bi Ghizlan akasema tutalipa faini. Faini ya Asrir si fedha, ni kulisha baraza zima, kichwa kwa kichwa. Akasema ofisi yake italisha. Mimun akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba faini ni kwa aliyekwishakosa, haiuzwi mapema kwa anayetaka kukosa. Nyumbu sita wakipita leo, kesho watakuja kondoo mia nne wa jirani wakisema na Basu je, na mwezi wa nane watoto watakosa maziwa. Tena nyumbu wenyewe ni wa shemeji yake. Wangekuwa wa mtu baki, labda angefikiri.

Bi Ghizlan akapanda kwenye jiwe kutafuta mtandao, akampigia mkuu wa tarafa. Tukamsikia anasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Akashuka, akasema mkuu wa tarafa ameamuru turuhusiwe.

Mimun akanyanyua birika, akammiminia glasi ya chai. "Mwambie karibu. Aje mwenyewe, akanyage yeye wa kwanza, nimtoze yeye."

Wageni walikuwa wamekaa juu ya mawe wanakula tende, hawaelewi neno. Nyumbu walikuwa wamenyoosha shingo kuelekea yale majani. Nilimshika Mimun mkono, nikamvuta pembeni. Nikamwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba safari hii ndiyo kadi, na kadi ndiyo nyumba yangu. Kwamba nikirudi kutoka mstarini hapa nimekwenda Agadir. Nikamwomba kwa jina la Tuda.

Mimun ni mtu mkubwa wa mwili, na nilipomtaja Tuda alionekana kama amepungua.

"Tuda angekwambia ongeza kumi na tatu," akasema.

"Ofisi ndiyo iliandika."

"Ofisi." Akautoa mkono wangu kwenye mkono wake, bila nguvu. "Jumatatu ile nilikuja mlangoni kwako na nyumbu ametandikwa, na mablanketi, na watu wanne wa kumshika. Ukaniambia wakubwa wamesema tungoje gari. Jumanne nikaja tena. Ukaniambia gari liko njiani. Unawatukana toka asubuhi mpaka jua linazama, Basu, lakini hakuna mtu milima hii anayewaamini kama wewe."

Ningeweza kusema kwamba theluji ilikuwa hadi kiunoni na angefia njiani juu ya nyumbu. Nimejiambia hivyo usiku na mchana. Gari lilikuwa lao, barabara ilikuwa yao, kufuli la zahanati ni lao. Mimi wangu ulikuwa mlango tu.

Tukageuza. Hakukuwa na la kufanya. Bila nyumbu hakuna maji, na kuwapeleka watu kumi wakavuke uwanda ule kwa chupa mbili mbili za kwenye baiskeli ni kuwaua. Nawfal akapiga simu pikapu tatu zije kuwachukua chini, mahali njia ya magari inapoishia, tukateremka. Wageni hawakununa. Waliteremka wakipiga mayowe ya furaha kwenye kona, kama watoto, na hilo liliniuma kuliko wangenuna, maana kwao ulikuwa mteremko mzuri tu.

Pikapu zilipofika, Bi Ghizlan akaja kuniaga. Uso ulikuwa umeungua jua puani.

"Ami Basu, ungesema tu ni kalenda ipi."

"Ungeuliza tu, binti."

Nadhani alinihurumia. Huruma yake ilikwenda naye ndani ya gari.

Barua ilifika mwezi wa saba. Nilisomewa na mwenye duka, mbele ya wateja, kwa sababu siku hiyo walikuwepo. Ilisema mwombaji ana ujuzi wa mazingira lakini hajaonyesha uwezo wa kupanga safari. Ilisema pia utaratibu umefungwa. Mwenye duka akaisoma mara mbili bila kuombwa, kisha akaikunja vizuri sana akanipa, na watu wakaanza kuzungumza habari za bei ya shayiri.

Mwezi wa tisa niliwauza nyumbu. Wanne walichukuliwa na mtu mmoja, wawili na mwingine. Jike mzee alikataa kupanda kwenye gari, wakamsukuma. Yamna akasema atanifuata Jumapili.

Jumamosi akaja Nawfal. Aliacha baiskeli mlangoni, akaingia na mkate na sukari kama mtu anayekuja kuhani. Alizunguka zunguka kwa maneno. Kisha akasema ofisi imeipenda njia ya Asrir. Mwakani watapeleka makundi matatu, mwezi wa sita, baada ya kufunguliwa, na ataongoza yeye. Mimun amekubali, na nyumbu watakuwa wa Mimun. Ila ile ramani ya simu haina mambo niliyoyasema kwenye mkeka, na yeye hakuandika, alikuwa anatazama lozi.

"Nimeona haya kuja," akasema. "Nikasema ukinifukuza, una haki."

Nilifikiri kumfukuza. Nilikuwa na siku moja imebaki Tamalut, na ujuzi huo wa njia ndio kitu pekee nilichobakiwa nacho ambacho ofisi haikuwa nacho. Nikafikiri pia, nikiondoka nacho, nitampa nani? Ghorofa ya tano nani atauliza birika la mwamba lina maji mpaka mwezi gani?

Akaweka simu katikati yetu, akabonyeza, akaniambia niongee tu. Nikaongea. Nikamwambia wapi pa kushuka na kusukuma, wapi mawe yanadanganya, wapi upepo unakupiga ubavuni ukakutupa bondeni. Nikamwambia kona ya tatu ya korongo jekundu watu wasimame, wasisikilize muziki, kwa sababu mvua ya mbali inakuja pale bila wingu. Ilichukua muda mrefu. Nilipomaliza akauliza kama ndiyo yote.

Haikuwa yote. Katikati ya Asrir, chini ya mwamba uliolala kama ngamia, ukichimba kiganja kimoja unapata maji, kidogo, ya kumwokoa mtu mmoja. Tuda alinionyesha mwaka tuliooana. Mimun mwenyewe hajui. Nilimtazama Nawfal, nikatazama taa nyekundu ya ile simu. Nikamwambia na hilo.

Akabonyeza tena, akairudisha nyuma kidogo kuhakikisha. Sauti yangu ikatoka mle ndani, ya mzee, inamwambia mtu achimbe upande wa kivuli. Nawfal akainamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, akasema inasikika vizuri.